Wimbo Ulioita Pacha Mmoja

Jumanne, 3 Juni

Nimeshona mpaka vidole vimekataa. Sare za wanakwaya wa parokia. Kola kadhaa nimezigeuza nje ndani, kwa sababu nilikuwa nasikiliza badala ya kutazama. Nitafumua kesho.

Umeme ulikuwapo jioni nzima, maajabu. Mchezo wa televisheni, Lupango ya Mama Odette, umepita wote, kuanzia wimbo wa kufungulia mpaka mwisho. Ndiyo teatre yetu sisi watu wa Lubumbashi: ua mmoja, wapangaji wengi, choo kimoja, na kila jioni kwenye televisheni lazima mtu alie. Mama yangu anafuata hadithi. Mimi nafuata muziki. Watu wa mtaa wetu hapa Kenya, komini ya mji huu, wananicheka. Wacheke mpaka washibe.

Leo nimegundua jambo. Yule mpangaji mwenye kofia akitaka kudanganya, gitaa zito linapiga noti mbili kabla hajafungua mdomo. Kila mara. Sidhani kama mwigizaji mwenyewe anajua. Papa Damas anajua. Ndiye anayetunga, anayepiga, anayeimba. Nampenda yule mzee. Si mapenzi ya mwanamke kwa mwanamume. Nampenda tu kwa kazi yake, na sijawahi kumwambia.

Ijumaa, 6 Juni

Umeme hakuna. Nimeimba mwenyewe wimbo wa kufungulia huku nakanyaga cherehani. Mama amesema nina sauti ya bata.

Kweli ninayo.

Jumapili, 8 Juni

Misa ya pili. Wakati wa kupeleka vipaji altareni, kwaya ikaanza wimbo mpya. Maneno ya Bwana, sauti ya Lupango. Wameuchukua wimbo wa Papa Damas mzima mzima na kuuvalisha maneno ya kanisa. Akina mama wakapita na ndizi na kuku, mabega yakicheza. Padri hatazami televisheni, alikuwa anatabasamu tu.

Nilicheka. Halafu nikalia, na sikuwa na kitambaa.

Kyungu alikuwa anapiga ngoma kwenye kwaya hii. Ndugu yangu pacha. Yeye Kyungu, mimi Kabange, majina ambayo kwetu Waluba mapacha wanazaliwa nayo kama wengine wanavyozaliwa na masikio. Alivuka kwenda Zambia kutengeneza malori. Baba alipokufa, habari ilimfikia tumeshazika. Akapiga simu, akalia, hakusema neno la maana. Baada ya hapo namba ikafa. Wapo wanaosema walimwona Ndola, wengine Kitwe. Mmoja alisema ameona mgongo wake tu. Mtu aliyekosa kilio cha baba yake anaona aibu kurudi, hilo naelewa. Lakini miaka inapita, na Mama anazeeka.

Mama hajaacha desturi. Akininunulia kitambaa sokoni, ananunua na shati la Kyungu. Mapacha hawapewi mmoja mmoja. Sanduku lake limejaa mashati ya mtu asiyekuwapo.

Namkumbuka mno leo.

Jumatano, 11 Juni

Papa Damas amekuja kwenye atelier yangu ya kushonea. Yeye mwenyewe. Kwa miguu yake.

Nilimpima kifua mara mbili na mkono wa kushoto nikausahau. Mzee ni mfupi kuliko nilivyofikiri, na ana harufu ya sabuni ya kufulia. Msimu mpya wa teatre unaanza, wanarekodi upya wimbo wa kufungulia, anataka veste, koti la kuonekana nalo kwenye picha. Akasema bila kuzunguka:

"Mama, veste moya, libanga moya. Hivyo itakuwa sawa?"

Libanga ni jina linalotupwa ndani ya wimbo. Mwanamuziki anafika katikati, anamtaja mtu, na mtu huyo anaishi humo hata akifa. Wakubwa ndio wanaotajwa kwa kawaida. Wenye magari, wenye maduka, mabwana wa madini. Na sasa mshonaji wa Kenya.

Nimesema ndiyo kabla hajamaliza. Sijalala mchana wala sitalala usiku.

Alhamisi, 12 Juni

Nataka jina langu. Naliandika hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma. Nalitaka vibaya sana. Tangu nikiwa msichana nasikiliza majina ya wengine yakipita katika nyimbo, nikiweka langu mahali pao jikoni kimya kimya. Linaingia vizuri. Ka-ba-nge. Kama limetengenezwa kwa ajili ya gitaa.

Lakini nimefikiri tangu asubuhi. Madereva wa malori wanapiga nyimbo za Lupango njia nzima mpaka Zambia. Barua haimfikii Kyungu, simu haimfikii. Wimbo unaweza. Atakuwa chini ya lori, mikono ina oili, na mtu atamwita kwa jina la baba yake.

Nimeamua. Kyungu.

Nimelia kidogo kwa ajili ya jina langu, kisha nikakata kitambaa cha veste. Bluu ya usiku. Bitana nyekundu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda mtaa wa Bel-Air. Studio yao ni garaji, kuta zimefunikwa magodoro ya zamani ili sauti isitoke. Kuku wa jirani wanaingia wanavyotaka. Kila jogoo akiwika wanaanza upya.

Nimeona jinsi inavyofanyika. Papa Damas anatazama picha bila sauti. Mwigizaji anafungua mdomo na kufumba, na mzee anapiga gitaa akimtazama machoni. Hasikii hata neno moja. Kumbe ndiyo sababu anajua nani anadanganya.

Nikawaza pale pale juu ya kiti changu cha plastiki: waigizaji hawa nawaona sokoni wakichagua nyanya, na machozi yao hayanisumbui. Siku sauti ya televisheni ilipoharibika, mjane wa Lupango alilia jioni nzima na alionekana kama mtu anayeumwa jino. Gitaa ndilo linaloniliza. Watu wanasema ni muziki wa kujaza tu, wa kupamba. Hawajui wanachosema.

Zamu ya libanga langu ilipofika, Papa Damas aliniuliza ni nani huyo Kyungu. Nikamwambia: mtoto wa Papa Silvestre, fundi wa reli, ameondoka siku nyingi, tunataka arudi. Hakuandika. Alivaa veste yangu (bega la kulia limekaa vizuri, la kushoto linavuta kidogo, Mungu anisamehe), akawaambia wenzake wanyamaze wote, ngoma pia, na akaimba peke yake na gitaa:

"Kyungu wa Papa Silvestre wa reli, kwenye uko kote, rudia ku nyumba. Mama yako analia."

Mara moja tu. Hakurudia. Wenzake wakainamisha vichwa.

Mimi nilitolewa nje. Kupenga kwangu kulikuwa kunaingia kwenye rekodi.

Jumatatu, 16 Juni

Imepita! Msimu mpya, wimbo mpya. Sikumwambia Mama, nilitaka ashtuke kwa furaha. Majirani walikuwa kwenye sebule yetu, wengine dirishani. Wimbo ukaanza, ngoma, kisha ngoma zikanyamaza, na ile sauti ikasema Kyungu. Nyumba nzima ilipiga kelele. Mama Nathalie, jirani yangu wa ukuta, alinikumbatia mpaka hereni ikachomoka.

Mama hakupiga kelele. Aliweka chini sahani ya sombe, majani ya muhogo aliyokuwa akichambua, akainuka, akaingia chumbani. Nikasema moyoni ni machozi ya furaha, nimwache.

Nina furaha. Nina furaha sana. Naandika ili nikumbuke.

Jumanne, 17 Juni

Haikuwa furaha.

Asubuhi Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka akinisubiri. Aliuliza swali moja.

"Na wewe iko wapi mu ule wimbo?"

Nikaeleza. Veste moja, jina moja. Nikamwambia nimemwachia Kyungu nafasi yangu. Nilidhani atanisifu, kusema kweli.

"Mapasa habaite moya moya, Kabange. Ukisikia baliita moya, mwenzake alishakufa. Umejizika mwenyewe mu televisheni."

Nilijibu kama mjinga. Nikasema ni muziki wa teatre, Mama, wa kuchekesha watu jioni, desturi haiingii humo. 

"Wimbo ni wimbo," akasema, akaenda kuwasha makaa.

Nilijua. Hiyo ndiyo inayonikera. Najua tangu utotoni kwamba hatusalimiwi mmoja mmoja, hatupewi mmoja mmoja. Mtu akinipa pipi nilinyoosha mkono wa pili kwa ajili ya Kyungu kabla ya kusema asante. Na mimi, ninayejua kwamba gitaa linaweza kuliza mtaa mzima, nimesema ni mchezo tu. Nimekasirika na nafsi yangu.

Alhamisi, 19 Juni

Nimeelewa nikipiga pasi. Nilikaa chini sakafuni, pasi ikachoma suruali ya mtu.

Mama anaogopa bahati mbaya ije juu yangu. Mimi naogopa kitu kingine. Itakuwaje Kyungu akiusikia? Atasikia jina lake peke yake, bila langu. Atasikia ngoma zimenyamaza kama kwenye kilio. Atasikia "mama yako analia". Ni mtoto wa Luba, hahitaji kuelezwa. Atajua nimekufa.

Nilitaka wimbo umfurahishe. Nimemtumia tanzia.

Nilikimbia Bel-Air na nguo za kazi, sindano kifuani. Papa Damas alikuwa anakula bukari, ugali wetu, barazani. Yeye si wa kwetu, ni wa kusini, mambo ya mapacha wa Luba hakuyajua. Aliacha kula. Nikamwomba aurudie, aweke Kabange, hata kwa sauti ndogo, hata mwishoni.

"Mama, ile wimbo ilishatoka. Iko mu matelefone ya bantu. Nikiimba ingine kesho, ile ya kwanza itatangulia tu."

Akaahidi ataniweka siku ya kurekodi tena. Haijulikani lini. Aliniomba samahani mara nyingi, yeye, wakati kosa ni langu. Alinisindikiza mpaka barabara kubwa akiwa bado ana unga mikononi.

Jumapili, 22 Juni

Homa. Mama hakusema "nilikuambia". Amenipaka pemba, udongo mweupe, kwenye mikono na paji la uso, na amepaka pia shati moja la Kyungu, bega na bega. Halafu akanipa vidonge vya malaria. Mama yangu haachi mlango wazi hata mmoja.

Kutoka kitandani nasikia barabara. Vijana wa pikipiki za taxi-moto wanaupiga filimbi. Watoto wa shule wanaucheza: wanarukaruka, wanaganda pale ngoma zinaponyamaza, wanashika vifua na kuimba "Kyungu wa Papa Silvestre wa reli", kisha wanaanguka kwa kicheko. Hakuna anayejua kwamba ni mtu. Kwao ni mahali pazuri katika wimbo.

Kwa mara ya kwanza nimeuchukia. Niliziba masikio. Nikaona aibu pia, kwa sababu hata katika kuuchukia niliona jinsi ile sauti inavyoshuka vizuri.

Jumatano, 25 Juni

Afadhali kidogo. Nimekunywa uji.

Mama Nathalie amekuja kuniona. Mume wake ni dereva, amerudi kutoka Ndola jana. Anasema kwenye foleni ya mpakani, Kasumbalesa, malori yote yanapiga Lupango, ukikaa pale unausikia mbele na nyuma. Ndola vilevile, kwenye magaraji. Aliniletea habari hii kama zawadi, maskini. Nikamshukuru.

Aliuliza kwa nini natetemeka. Nikasema homa.

Ijumaa, 27 Juni

Hakuna kitu.

Umeme umekatika tangu juzi. Mji umenyamaza na mimi nimefurahi, mara ya kwanza maishani kufurahia giza. Labda hakusikia. Labda amesikia na hajali. Hii ya pili inauma zaidi. Nikilala upande wa ukuta namwona anasikia, anafuta mikono, anaendelea na kazi.

Baba alipenda orkestra za zamani, alicheza kwa mabega tu, miguu haikutoka mahali. Kyungu alikuwa anamwiga nyuma yake. Siku moja Baba aligeuka ghafla na kumkuta. Tulisubiri kofi. Baba akaendelea kucheza, sasa wakitazamana, na hakuna aliyecheka mpaka wimbo ulipoisha. Sijui kwa nini hili linanijia leo.

Jumamosi, 28 Juni

Sijui nianzie wapi. Nitaandika hivyo hivyo.

Mchana umeme ulirudi. Stesheni ya televisheni ikatangaza itarudia vipande vyote vya juma, watu walikuwa wamevikosa. Majirani wakaleta viti vya plastiki, na kwa kuwa sebule haitoshi, mume wa Mama Nathalie akatoa televisheni yetu nje, chini ya ukuta. Watu wengi. Akina mama kwenye mikeka, wanaume kwenye viti, baridi imewafanya wote wajifunike vitenge mpaka kichwani. Kimya, wanasubiri ianze. Mimi nilikuwa ndani kwenye cherehani, sikutaka kusikia wimbo. Mama alikuwa nyuma, jikoni.

Wimbo ukaanza. Nikakanyaga cherehani kwa nguvu ili niufunike. Ngoma zikanyamaza. Na pale ambapo Papa Damas anaanza, sauti nyingine ikaingia kutoka kwenye geti.

"Kabange ee! Kabange wangu! Umeniacha na nani?"

Kilio cha mwanamume mzima. Kile ambacho mtu anakianza akifika tu kwenye geti la wafiwa, kabla ya kumwona yeyote. Na kwetu kilio kinaitikiwa kwanza, kuuliza ni baadaye. Akina mama waliokuwa kwenye mikeka wakaitikia papo hapo, mikono kichwani, hawajui ni nani amekufa. Mmoja akajibwaga chini. Wanaume wakavua kofia. Na televisheni inaendelea kuimba.

Mimi, kwa kelele za cherehani, nilisikia tu ua wetu unalia. Nikajua ni Mama. Nilidhani ameanguka jikoni. Nikatoka mbio nikipiga mayowe "Mama! Mama!", na Mama akatoka nyuma ya nyumba mbio, mwiko mkononi, akipiga mayowe "Kabange! Kabange!", kwa kuwa yeye alidhani ni mimi.

Tukagongana kwenye kona ya nyumba. Kweli, tuligongana. Mwiko ukaruka.

Halafu nikamwona. Ameshika geti kwa mikono miwili. Amekonda, ana mvi, ana begi dogo na ovaroli yenye oili. Alikuwa ameona viti, ameona watu wamejifunika, na kwake yote yamethibitika. Alinitazama mdomo wazi. Hakuja. Nikaona anaogopa. Aliniogopa mimi.

Nikaenda mwenyewe. Nikamshika uso. Nikamwambia Kyungu, mi niko muzima, ni wimbo tu, ni mi nilikosa. Alinigusa paji la uso, palipokuwa na alama ya pemba bado, akanigusa masikio, kisha akanipiga ngumi ya bega kwa nguvu zake zote. Inauma hata sasa. Halafu akashuka chini taratibu, akakaa kwenye vumbi na kulia, si kama mfiwa, kama mtoto.

Mama alikuja akakaa chini pia, kati yetu.  Akamfuta kamasi kwa kitenge chake.

Akina mama wa mkekani walipoelewa, walishindwa kuacha kulia. Walilia mpaka mwisho wa kipande cha kwanza.

Jumapili, 29 Juni

Amelala karibu siku nzima. Tumekaa mlangoni, mimi na Mama kwa zamu, kana kwamba atatoroka.

Alipoamka alisimulia. Alikuwa ndani ya injini ya lori la Mkongo. Dereva alikuwa anasikiliza Lupango kwenye simu. Aliposikia jina la Baba alifurahi, akasimama asikilize vizuri, akasubiri jina langu. Akasubiri. Wimbo ukaisha. Akamwomba dereva aurudie, na akaurudia, na tena. Kisha akanawa mikono, akapanda lori lile lile.

Njia nzima dereva alikuwa anapiga wimbo huo. Hakuthubutu kumwambia azime. Lori lilikuwa la mtu mwingine.

"Ya baba niliikosa," aliniambia. "Ya kwako singeweza kuikosa."

 Mama ametupaka pemba wote wawili, ametupa bukari kwenye sahani moja. Alikula kwa pupa. Mashati ya sandukuni yote ni makubwa kwake sasa. Nitayapunguza.

Amekwenda na Mama kaburini kwa Baba. Walirudi wameshikana mikono.

Jumatano, 2 Julai

Mtaa mzima unakuja kumtazama. "Ndiyo ule Kyungu wa mu wimbo?" Watoto wanamzunguka, wanaimba, wanaganda, wanaanguka. Anatabasamu kwa adabu. Nimewafukuza kwa rula ya kushonea.

Papa Damas amekuja akiwa amevaa veste. Alimpa Kyungu mkono akaushikilia muda mrefu. Amesema wanarekodi tena Agosti, ataweka majina yote mawili, la kwangu mbele. Nilisema asante. Nilifurahi, ndiyo. Nilipokuwa msichana ningezimia.

Nimegundua pia bega la kushoto la ile veste linavuta kweli. Nimemwambia ailete.

Jumapili, 6 Julai

Baridi. Makaa yamewaka vizuri. Kyungu amepata kazi ya siku chache kwenye lori la mume wa Mama Nathalie, gia zinakwama. Hajasema atakaa. Hajasema ataondoka. Mama hajamuuliza, na mimi nimejifunza kutouliza.

Lupango ilikuwapo jioni. Tulikaa watatu. Kyungu anaipenda hadithi, anamcheka yule mwenye kofia, na bila kuambiwa na mtu amesema, "Ule anadanganya." Nilimtazama kwa furaha ambayo siwezi kuieleza.

Lakini wimbo wa kufungulia unapoanza, anatoka. Nimemwona siku zote hizi. Anasema anaenda kukojoa, anasema amesahau spana. Anasimama nyuma ya ukuta, mgongo kwetu, mikono mifukoni, mpaka uishe. Ndani ya wimbo ule amenilia kutoka Ndola mpaka hapa. Sisi wengine tunasikia sauti nzuri. Yeye anasikia nimekufa.

Leo ngoma zilipokaribia kunyamaza nilichukua rimoti na kushusha sauti mpaka mwisho. Papa Damas akabaki anafungua mdomo na kufumba kwenye kioo. Mama aliniangalia, akarudi kwenye kuchambua sombe yake.

Kyungu akauliza kutoka nje kama wimbo umeisha.

"Imeisha," nikasema. "Ingia, baridi iko mingi."